Mvua Iliyonyesha juu ya Chumvi ya Kokila

Mlandege, Unguja
Jumatano, baada ya sala ya alasiri

Mwanangu Salma,

Assalaam aleikum. Mtu kumsalimu kwa barua mtoto anayelala naye nyumba moja ni jambo la kuchekesha, na najua utacheka ukiiona. Lakini sasa hivi umekwenda Mpendae kumuaga shangazi yako, nyumba imenyamaza, na mimi nina jambo moja nimekaa nalo miaka sita mdomo wangu haulitoi. Huenda mkono ukaweza. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako, uikute huko Dar es Salaam. Usiisome mbele yangu.

Sitakuandikia habari za chandarua, wala maji ya kuchemsha, wala kutotembea peke yako magharibi. Hayo baba yako na shangazi yako wameshayasema, na bibi yako kayasema mara mbili. Nataka kukuandikia habari za ule mchezo wetu wa mkekani.

Juzi tulipokuwa tunakula ulitueleza kazi unayokwenda kujifunza. Ulisema ofisini humo watu hukaa na makaratasi yao wakapanga bei ya sabuni au ya sufuria, na bei ile ikaenda ikashika mpaka Kigoma. Baba yako aliuliza mshahara. Mimi nilinyamaza, nawe ukadhani sikufurahi. Nilikuwa najiuliza: huyo anayepanga anaanzia wapi? Kitu ambacho bado hakina bei, anakitazama vipi? Halafu nikakumbuka kwamba swali hilo nimewahi kukaa nalo mimi mwenyewe, nikalijibu, tena nikalijibu vibaya, na walioumia kwa majibu yangu walikuwa wasichana wawili wa miaka kumi na mmoja. Mmoja wao ni wewe.

Mguu unaukumbuka. Mapinduzi yalikuwa hayajatimiza miaka mitatu. Tulikuwa tumepanga hapa hapa ghorofani, na chini yetu lilikuwa duka la vitambaa la baba yake Kokila. Uliteleza kwenye ngazi siku ya mvua, mguu ukavunjika, hospitali wakakufunga plasta kuanzia pajani, wakasema ukae ndani wiki sita. Kokila mlikuwa darasa moja. Kila siku akitoka skuli alikuwa akipanda na madaftari yake kukuonesha mlichofundishwa. Alikuwa mwembamba, ana msuko mmoja mrefu, na maneno yake machache kama ya mtu anayeyanunua.

Masomo yakimalizika mlikuwa mkitazamana tu. Siku moja nikaanza kukusimulieni hadithi ya kujitungia, habari za mjane mmoja mfinyanzi, Bi Mwatima, na tajiri anayetaka kumlalia kwenye bei ya vyungu vyake. Sijafika mbali ukanikata.

"Mimi nisingempa kwa bei ile."

Nikakwambia, "Basi wewe ndiye Bi Mwatima. Sema unataka ngapi."

Ukakaa vizuri juu ya mto, sauti ikabadilika, ukawa Bi Mwatima kweli. Mimi nikawa yule tajiri. Tulibishana mpaka nikasahau kuwa mchele uko jikoni. Kokila alitutazama, kisha akauliza yeye atakuwa nani. Nikamwambia achague. Akasema anataka kuwa mzee mwenye gari la punda, anayechukua chumvi pwani na kuipeleka vijiji vya ndani. Akamwita Mzee Foum. Nilipomuuliza kwa nini chumvi, alisema hakuna nyumba inayoweza kuikataa.

Hivyo ndivyo mji wetu ulivyozaliwa, tukauita Kwetukwao. Nyumba zilikuwa viberiti vitupu, na minara ilikuwa vigurudumu vya uzi ambavyo Kokila aliviomba dukani kwao. Nyinyi mlikuwa watu wawili. Mimi nilikuwa waliobaki wote: tajiri, mganga, bibi harusi, mlinda njia, mvua na jua. Mkisema mnataka kufanya jambo, mimi ndiye niliyesema limekuwaje. Sikujua kama watu wengine duniani wanacheza hivyo. Bado sijui. Ningependa kujua.

Fedha za Kwetukwao zilikuwa komwe za bao la baba yako, sitini na nne, wala si moja zaidi. Alipokuwa akitaka kwenda barazani kucheza na wenzake alikuwa akizikuta mikononi mwa wafinyanzi na wauza chumvi. Siku ya kwanza alisimama mlangoni na bao lake kwapani akauliza nani mwenye mamlaka ya kumrudishia. Ukamjibu kwamba Bi Mwatima anaweza kumkopesha. Baba yako alicheka, lakini tukakubaliana: kabla ya magharibi komwe zote zirudi kwake, mimi niandike kwenye kibao kila mmoja ana ngapi, kesho yake niwagawie vile vile.

Nilifikiri bei ni jambo jepesi. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kitu gani kingenishinda? Nikasema mkate mmoja komwe moja, tuanzie hapo. Ukaniuliza chungu kikubwa ni ngapi, nikakwama. Njia niliipata kesho yake nikiwa napepeta mchele. Nilijiuliza Bi Mwatima akichimba udongo, akaukanda, akafinyanga, akachoma, zinakwenda siku ngapi, na siku hizo anakula mikate mingapi. Chungu kikatoka komwe nne. Nilifurahi kwa namna ambayo sikuwahi kufurahi darasani. Nikapima kila kitu kwa mikate, punda, paa la makuti, hata dawa ya mganga.

Njia yenyewe haikudumu. Siku moja nilikuwa mchukuzi aliyetoka mbali, nikasema nimesikia kuna harusi kubwa kijiji fulani. Kokila akauliza, "Habari ya kijiji chenyewe ni komwe ngapi, Mwalimu?"

Wewe ulisema habari haina bei, mtu huambiwa tu. Kokila hakubishana. Aliweka komwe tatu mkekani, mbele ya goti langu, akasubiri. Nikamnong'oneza jina la kijiji. Kesho yake Mzee Foum alifika harusini na chumvi yake kabla ya kila mtu, na wewe ukanuna. Tangu hapo mkawa hamniachi. Mlitaka kujua ahadi ni bei gani, na kivuli cha kupumzikia, na mtu aliyeona jambo akakubali kukaa kimya. Nilikuwa nikisimama ubaoni kufundisha migawanyo huku moyoni nawaza ukimya wa mtu unapimwa kwa mikate mingapi.

Bibi yako Bi Kije alipokuja kutoka Makunduchi nilimuuliza yeye. Maisha yake yote ameuza kamba za usumba, na nilitaraji angenihesabia miezi ambayo makumbi yanalala matopeni, na siku za kupiga na kusokota. Aliniangalia kama niliyemuuliza njia ya chooni nyumbani kwangu mwenyewe.

"Nnataja. Mwenzangu anataja. Bei ni pale mtu anaponyamaza."

Nikaona ni maneno ya mtu ambaye hakusoma. Haya ni makosa yangu ya kwanza ninayokuandikia, na ni madogo.

Makubwa yalianza hivi. Mlikuwa hodari mno. Baada ya wiki mbili komwe karibu zote zilikuwa kwenu, na watu wangu wa Kwetukwao hawakuwa na kitu. Bibi harusi hana cha kununulia chungu, mganga hana cha kununulia chumvi. Mlikuwa na mali na hakuna wa kumuuzia. Mchezo ukasimama. Nilishangaa sana. Nilikuwa nikidhani fedha ikiwa nyingi mkononi mwa mtu ndiyo mambo yanakwenda, kumbe lazima itoke, imrudie mwingine, ndipo mji upumue. Basi nikatafuta njia za kuitoa. Punda akaugua, paa likavuja, mlinda njia akataka chake. Na siku moja nikanyesha mvua, gari la Mzee Foum likalowa, magunia mawili ya chumvi yakayeyuka.

Ilikuwa haki, Salma, siku ya kwanza. Kokila ndiye aliyekuwa na komwe nyingi. Siku ya pili pia nikanyesha. Ya tatu nikajikuta nimeshanyesha kabla sijafikiri.

Nimelitafuta sana jibu la kwa nini. Wewe ulikuwa umelala na mguu wako mzito, nami nilitaka ushinde hata kimoja. Hilo ni kweli, nalo ni jibu la kupendeza kwa mama. Lipo la pili lisilopendeza. Yule mtoto alikuwa na akili kuliko mimi. Alikuwa akipiga hesabu kichwani huku mimi naandika. Na siku zile watu walisema mengi kuhusu Wahindi wenye maduka, kwenye mabaraza, mabombani, hata chumba cha walimu. Mimi niliyasikia nikanyamaza, nikajidhania kuwa hayakuingia ndani ya nyumba yangu. Yaliingia. Yalipita kwenye mvua ya mchezo wa watoto.

Kokila alivumilia mvua nne. Ya tano alikunja mikono akasema, bila hasira, kama anayesoma kipimajoto, "Mwalimu, mvua yako inanyesha juu ya chumvi yangu peke yake."

Nikamwambia mvua ni ya Mungu.

"Naam, Mwalimu," akasema, na akatazama dari.

Siku tatu baadaye nilihesabu komwe za kurudisha. Kwa hesabu zangu Bi Mwatima alitakiwa awe na ishirini na mbili. Nikakuta kumi na saba. Mzee Foum alitakiwa awe na tatu, nikakuta nane. Nilihesabu tena. Halafu nikamwangalia Kokila, nikamuuliza kama mikono yake ni safi.

Nilimuuliza hivyo hivyo, kwa sauti ninayoitumia darasani mbele ya watoto hamsini. Alikutazama wewe mara moja, akainamisha kichwa. Nikaongeza kwamba nyumbani kwetu hatuchukui cha mwenzetu, na kwamba kama kwao ndivyo wanavyofunzwa, asipande tena ngazi zangu. Akakusanya madaftari. Alikuwa ameshafika mlangoni ulipojivuta na plasta yako mpaka katikati ya mkeka, ukabomoa nusu ya mji.

"Mimi ndiye niliyempa, mama. Tangu tulipokaa leo nampa."

Nikakuuliza kwa nini. Ukasema chumvi yake inayeyuka kila siku na vyungu vyako havijavunjika hata kimoja, na mchezo gani huo.

Nilitakiwa nikae kimya hapo. Nilichofanya ni kusema komwe zile si zako kuzigawa. Ukaniuliza, "Kwani za nani? Nimeuza vyungu." Sikuwa na jibu, na mtu asiyekuwa na jibu hutafuta la kuumiza. Nikakwambia wewe ni mpumbavu, na kwamba habari za fedha hutazijua mpaka unakufa. Nilipogeuka Kokila alikuwa ameshashuka.

Wiki nzima mkeka ulikaa umekunjwa. Baba yako alicheza bao lake bila ya kuomba ruhusa kwa mtu, akashangaa kwa nini nyumba imekuwa baridi. Sikumwambia. Wewe ulisoma peke yako ukiwa umeelekea dirishani.

Sehemu inayofuata huijui, kwa sababu ulikuwa juu na mguu wako na mimi nilikuwa chini.

Siku ya nane nilishuka dukani kuomba radhi. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu asubuhi. Nilimkuta baba yake Kokila peke yake, rafu nyingi zimebaki mbao tupu. Akanikaribisha kwa heshima zake zote, "Karibu Mwalimu, mtoto anaendeleaje?" Nami maneno yakanipotea, nikanyoosha kidole nikauliza chiti ile ya maua ya kijani ni shilingi ngapi yadi. Akataja. Nikaomba apunguze. Naapa sikutaka chiti. Mdomo ulijisemea wenyewe kwa mazoea. Mtu yule nimenunua kwake miaka mingi, na kupatana bei kwake ilikuwa starehe. Alikuwa akishika moyo, akimtaja mama yake, akikuagizia chai, ndipo apunguze thumni. Siku ile alipunguza papo hapo, nilipotaja mimi, hakusema kitu. Alikata yadi tatu, akazifunga, akanipa.

Nikapanda ngazi nimefurahi. Nimepata rahisi! Nilifika mpaka ngazi ya juu kabisa nikiwa nimefurahi, ndipo nikamkumbuka Bi Kije na maneno yake ya asiyesoma. Mtu alikuwa amenyamaza, nami nikachukua bei bila kutazama kanyamaza kwa nini. Rafu zile tupu zilikuwa na maana: walikuwa wanahama. Jirani mwenzangu alikuwa akiuza alichonacho apate nauli, na mimi nimeshuka kwake na kosa langu nikapanda na kitambaa.

Chiti ile ndiyo gauni lako la Idi la mwaka ule. Uliniuliza mara mbili kwa nini silisifu.

Kesho yake nilishuka tena. Sikuingia dukani, nilizunguka uani, nikamkuta Kokila anaanua nguo. Nilimwita kwa jina, nikamwambia nimemtuhumu kwa jambo asilolifanya, na maneno niliyosema juu ya nyumba yao ni maneno mabaya, na nimekuja kumuomba radhi. Mimi mtu mzima, na mbele yangu mtoto aliyeshika vibanio vya nguo.

Nilidhani atalia, au atakimbilia ndani. Alinitazama kwa makini, akauliza jambo ambalo sikulitegemea.

"Ile mvua, Mwalimu. Ulikuwa unaipanga, au unabahatisha?"

Ningeweza kumdanganya. Nikamwambia, "Nilikuwa naipanga."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, uso ukamkunjuka kama wa mtu aliyepata hesabu yake sawa. "Nilijua. Siku tisa, mvua saba, zote zangu. Haiwezi kuwa bahati."

Huyo ndiye aliyekuwa amekaa chini yangu muda wote. Mimi nilimwona anashinda au anashindwa, naye alikuwa anachunguza dunia niliyoitengeneza inakwendaje, na ameshagundua palipopinda. Nikamuuliza, kwa sababu kweli nilitaka kujua, yeye angefanya nini. Hakufikiri sana. Nadhani alikuwa na jibu siku nyingi.

Alisema nigeuke. Niutazame ukuta. Wao waniulize bei ya kitu, au kama leo mvua ipo, bila kuniambia nani anayeuliza, na nikishasema nisibadilishe.

Alipanda jioni ile. Wewe ulikunjua mkeka. Bi Kije alikuwepo, tukamwambia naye achague wa kuwa. Akasema, "Mimi nshakuwa Bi Kije miaka sitini, sijachoka naye bado," akaingia mchezoni kwa jina lake na kamba zake. Mimi nikakaa nimeelekea ukutani, pua karibu na chokaa.

Kila mara nimekuwa nikitaka kukuuliza kama mlijua nilivyokuwa nikiona humo. Mtu aliuliza, kwa sauti aliyoigeuza, ukarabati wa gurudumu ni ngapi. Nikafungua mdomo niseme, nikajikamata nimetega sikio. Nilikuwa nataka nijue ni nani kwanza. Nilisikia plasta yako ikisuguana na sakafu, bei ikashuka yenyewe kichwani mwangu kabla sijaitaja. Kumbe Kokila alikuwa amelikisia hilo, akawa anakusukuma mguu makusudi kila anapouliza yeye, nanyi mkicheka kwa kujificha. Nilikuwa nimegeuka uso, lakini masikio yangu yalikuwa bado yanawatazama. Ilinichukua saa nzima kujifunza kutaja bei ya gurudumu kwa kufikiria gurudumu.

Kokila alishinda, tena kwa mbali. Bi Kije akawa wa pili. Nilipogeuka nikaona komwe za Kokila zilivyojaa, nikahisi kitu kinanichoma pale pale kilipokuwa kikinichoma siku zote. Hakikuondoka kwa kuwa nimeomba radhi. Nakwambia hili kwa sababu hakuna aliyeniambia mimi. Nilidhani mtu akikiri kosa, lile lililomfanya alitende hutoka nalo. Halikutoka. Nilichopata ni kulijua lilipokaa, na siku nyingine kulisikia linapoanza kuamka.

Wiki mbili baadaye waliondoka. Ulikwenda kumuaga kwa magongo mpaka chini, mimi nikakuona kutoka dirishani, mmesimama, kila mmoja amemshika mwenzake mkono. Wamekwenda wapi baada ya Dar es Salaam sijui. Sikutumi umtafute. Mji ule mkubwa, na miaka imepita, na huenda hataki kutukumbuka.

Lakini lile neno nililokwambia wewe, sikulirudisha. Kokila nilimuomba radhi kwa sababu alikuwa mtoto wa watu. Wewe nilikuona wangu, nikadhani litajifuta. Kisha nikakutazama ukikua. Mwaka juzi, siku za foleni, nilikutuma unga, ukarudi na nusu, nusu umempa yule mama aliyekuwa nyuma yako aliyeambiwa umekwisha. Nilikuwa na hasira, nikafungua mdomo, na neno lile lile la mpumbavu likaja mpaka kwenye meno. Nikalimeza. Ulipoletewa barua ya kuchaguliwa kwenda kujifunza kupanga bei, kati ya kazi zote za dunia hii, nilikaa jikoni nikacheka peke yangu mpaka baba yako akaja kuangalia.

Hukuwa mpumbavu, mwanangu. Uliona kosa ndani ya mchezo ambalo mwalimu wa hesabu alikuwa analitengeneza kwa mkono wake, ukalilipia kwa vyungu vyako mwenyewe, na ulipoona mwenzako anatukanwa kwa ajili hiyo ukasema kweli mbele ya mtu unayemuogopa. Nilitakiwa nikwambie siku ile. Nimechelewa miaka sita. Nisamehe.

Sasa una safari yako, na mimi nimebaki na maswali. Huko ofisini mtaupata wapi ukuta wa kuutazama? Watu wa Kigoma hawatakuwapo chumbani, hilo ni zuri au ni baya? Mimi nilipowaona niliwaonea, lakini nisingewaona kabisa ningejuaje kuwa Bi Mwatima anakula? Mkulima anayengoja sabuni, nani atakwambia amenyamaza kwa sababu ameridhika au kwa sababu amechoka? Na wakubwa wako wakikwambia bei iwe hivi na wewe umehesabu ikawa vile, utasema kwa sauti gani? Sina jibu hata moja. Nimeishi na maswali haya juu ya mkeka tu, na wewe unakwenda kuishi nayo kweli, na sikufichi kwamba naona wivu kidogo, wa aina nzuri safari hii.

Basi fanya hivi, kwa ajili yangu. Siku watakayokupa kalamu uandike bei yako ya kwanza, hata ikiwa ya kitu kidogo, hata ikiwa pini, niandikie. Usinieleze kama ilikuwa sahihi. Nieleze ulipokuwa unaiandika ulikuwa unamfikiria nani.

Mama yako akupendaye,
Rukia